Sufuria imekuwa nyeusi ndani: kosa ni la maji ya Dodoma au la muoshaji?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimehamia Dodoma kutoka Tanga miezi minne iliyopita, naishi Nkuhungu. Nilikuja na seti ya sufuria za alumini nilizopewa kwenye kicheni pati, zinang'aa kama kioo. Sasa zote ni nyeusi ndani, hasa ile ya kuchemshia maji na ile ninayopikia mlenda. Nazisugua kwa stilwaya na majivu kila siku, kesho yake weusi umerudi. Birika la umeme limeota magamba meupe, na fraipeni ya nonstiki niliyokuwa napikia chapati kwenye jiko la mkaa imeanza kubanduka. Mama mkwe anakuja mwezi ujao, na ana tabia ya kufunua sufuria aangalie ndani. Nina laki mbili ya kununua vyombo vipya. Ninunue nini, na nivitunzeje?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo laki mbili usiitoe kwanza. Katika vyombo ulivyovitaja kilichokufa ni kimoja tu, nacho ni fraipeni. Sufuria zako ni nzima na birika ni zima. Kinachozimaliza sufuria sasa hivi ni hiyo stilwaya na hayo majivu.

Tanga ulikuwa unatumia maji ya mto Zigi, yanayokingwa kwenye bwawa la Mabayani. Hapa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mjini hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Maji yaliyokaa muda mrefu chini ya ardhi hubeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba, na mengine yana chumvi unayoisikia kabisa mdomoni. Ndiyo maana sabuni yako imekuwa nzito kutoa povu tangu uhamie. Chombo ni kilekile, mkono ni uleule, maji ndiyo mengine.

Alumini haikai uchi. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaoikinga isiendelee kuliwa. Ukichemshia maji magumu, utando unanenepa na kunasa chembe za madini, unageuka kijivu, kisha mweusi. Huo si uchafu, si masizi, na haumdhuru anayekunywa maji yake. Jaribu hivi uone mwenyewe: kwenye sufuria iliyoiva weusi pika mchuzi wenye nyanya nyingi. Ukiumimina utakuta mstari umezunguka ukutani. Juu ya mstari pamebaki peusi, chini yake pamekuwa peupe kama siku ya kicheni pati. Asidi ya nyanya imeubandua utando na kuutia kwenye mchuzi. Ndiyo maana mchuzi wa kwanza kwenye sufuria ya namna hiyo huwa na rangi iliyofifia na ladha kama ya kulamba sarafu.

Kwa hiyo teua sufuria moja iwe ya maji tu, iache iwe nyeusi maisha yake yote, na nyanya au ukwaju visiikaribie.

Sasa stilwaya. Kila unaposugua unang'oa ule utando na kuacha mikwaruzo maelfu, na chuma kilichokwaruzwa hushika weusi upesi kuliko kilicho laini. Ndiyo maana unaona unarudi kesho yake. Majivu yanaongeza tatizo, kwa sababu maji ya majivu ni makali kwa namna ileile ya magadi, na alumini haivumilii ukali wa aina hiyo. Yale maji ya kijivu yanayotiririka unaposugua, dada, si uchafu unaotoka. Ni sufuria yenyewe, unaimwaga kidogo kidogo kila asubuhi. Sufuria ya milimita moja na nusu haihitaji miaka mingi ya kazi hiyo kabla haijaanza kutoboka kwenye kona ya kitako.

Ukitaka weusi utoke bila kuumiza chombo, tumia uchachu, na Kanda ya Kati haina shida ya uchachu: ukwaju umejaa. Kwa sufuria ya lita tano, tia maji lita tatu, weka ukwaju kama gramu mia moja (fungu dogo linalojaa kiganja), chemsha kwa moto wa wastani dakika kumi na tano. Badala ya ukwaju unaweza kutumia siki vijiko vikubwa viwili kwa kila lita, au maganda ya malimao uliyokwisha kukamua. Mwaga maji hayo, yamebeba ule utando, usiyatumie kwa chakula. Pitisha sifongo laini yenye sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa. Palipobaki peusi ni juu ya usawa wa maji, basi mara nyingine ongeza maji. Mara moja kwa mwezi inatosha. Usiache uchachu ulale humo usiku kucha, kwa sababu asidi ikishamaliza utando inaanza kuchimba vitundu kwenye alumini. Kwa sababu hiyohiyo kiporo cha mchuzi wa nyanya, juisi ya ukwaju au achari kisilale kwenye sufuria ya alumini. Kihamishie kwenye bakuli la kioo, la udongo au la plastiki ya chakula.

Osha ya kila siku ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na sifongo. Ukoko wa ugali usiuchokonoe kwa kisu. Mimina maji vikombe viwili sufuria ikiwa bado na joto kidogo, funika, iache nusu saa. Ukoko unalainika na kujikunja wenyewe, unauinua kwa mwiko kama karatasi. Haraka ya kuukwangua ndiyo inayozaa yale makovu ambayo kesho chakula kinashikia hapohapo.

Sufuria ya mlenda ni hadithi nyingine, na hapo ndipo pa kutumia fedha yako. Tatizo lake ni magadi. Tia magadi kwenye maji ya moto ndani ya alumini tupu, uinamie uangalie: utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka ukutani hata pale ambapo maji hayachemki. Hiyo ni haidrojeni, maana yake magadi yanaila alumini na wewe unaipika pamoja na mlenda. Sufuria inatoka humo imefubaa, inakwaruza, na mlenda wenyewe unachukua rangi chafu. Makande na maharage yaliyotiwa magadi hufanya vivyo hivyo. Chochote chenye magadi kipike kwenye chungu, kwenye stenlesi, au kwenye enameli ambayo haijabanduka. Wagogo hawakukosea kupikia mlenda kwenye chungu, maana udongo uliochomwa haujali magadi wala ukwaju.

Basi nunua chungu. Ni bei ndogo kuliko vyote nitakavyokutajia, na mnada wa Msalato ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta, au uliza kwa akina mama wanaopanga vyungu kandokando ya barabara. Kichague kwa sikio kabla ya jicho. Kiweke juu ya kiganja kilichofunguka, usikishike ukingoni, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kwa sauti ndefu na safi. Kikitoa sauti fupi, butu, kama umegonga boga, kina ufa hata kama huuoni. Kisha kiinue uangalie ndani dhidi ya jua, halafu mimina maji uone kama yanatokeza upande wa nje kwa mstari. Kulowa kidogo kwa ujumla si neno, ndivyo udongo ulivyo. Mstari wa maji ni ufa. Angalia pia unene: ukuta uwe sawasawa pande zote, na kitako kisiwe kinene mara mbili ya ukuta, kwa kuwa sehemu mbili zinazopanuka kwa mwendo tofauti hupasukiana.

Kipya hakipandi jikoni siku hiyohiyo. Kizamishe ndani ya ndoo ya maji usiku mzima. Kitatoa vipovu kwa saa za mwanzo, hiyo ni hewa inayotoka kwenye vitundu vya udongo. Kitoe, kianike kivulini siku nzima, si juani, maana jua la hapa na hewa kavu hukausha ngozi ya nje kabla ya ndani na kukivuta. Siku ya pili kijaze uji mwepesi, vijiko vikubwa vinne vya unga wa mahindi au uwele kwa lita mbili za maji, ukipandishe kwenye moto mdogo sana kwa dakika kumi, kisha wastani, uchemke pole pole kama saa moja. Wanga unaingia kwenye vitundu na kuviziba. Acha kipoe juu ya jiko lenyewe hadi uweze kukigusa, mwaga uji, suuza. Kisha kipake ndani mafuta kidogo kwa kitambaa, kipashe moto mdogo dakika kumi. Kimekuwa tayari.

Vyungu vingi vinavyovunjika jikoni havivunjwi na moto mkali peke yake. Vinavunjwa na tofauti ya ghafla: maji ya baridi kwenye chungu kilichokwisha kushika moto, au chungu cha moto kikiwekwa kwenye sakafu ya saruji yenye maji. Ukiongeza maji kwenye mlenda, yawe ya moto. Ukikiipua, kiweke kwenye kata ya nguo au majani. Kwenye jiko la gesi anza kila mara na moto wa chini kabisa kwa dakika kumi, maana mwali wa gesi hupiga duara moja dogo la kitako na kuacha pembeni baridi, tofauti na mafiga ambayo hukizungushia joto. Usikioshe kwa sabuni ya harufu. Kitainywa na kukurudishia kwenye mboga. Maji ya moto na brashi ya makumbi vinatosha. Na usikihifadhi kikiwa kimefunikwa, kitaota ukungu na kunuka.

Tuje kwenye sufuria ya ugali, kwa kuwa hizo za zawadi mara nyingi huwa nyepesi. Ugali wa uwele na wa mtama ni mzito kusonga, na sufuria nyepesi kwenye jiko la gesi hucheza na kuzunguka na mwiko. Kwa ugali wa watu wanne hadi sita tafuta ya lita tano au sita, unene wa kitako milimita tatu au zaidi. Muuzaji hatakuwa na kipimo, basi tumia kidole gumba: bonyeza katikati ya kitako kwa nguvu. Kikibonyea na kurudi kwa mlio wa bati, iache. Shika ukingo wa mdomo kwa mikono miwili, jaribu kuubana kama unataka kuifanya iwe yai. Isikubali. Kisha chukua rula, uilaze kwenye kitako kwa nje. Ukiona mwanga unapita katikati au pembeni, kitako si tambarare na kwenye gesi itatikisika.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuipikia chakula cha watu, ijue inapounguza. Nyunyiza unga wa ngano ndani, tabaka jembamba linalofunika kitako tu, weka kwenye moto wa wastani bila maji. Kaa uangalie. Unga utaanza kubadilika rangi mahali fulani kabla ya kwingine. Kama ni duara la kahawia linalofanana na umbo la mwali, sufuria ni nyembamba au jiko lako lina mwali mkali wa katikati. Kama unageuka rangi karibu pamoja kote, umepata chombo. Zima kabla haujawa mweusi. Ni kijiko kimoja cha unga, na kinakueleza zaidi ya maneno yote ya muuza duka.

Utaonyeshwa pia zile sufuria nzito za kusubu, zenye uso wa kijivu na vitundu vidogo vidogo, zinazopendwa kwa pilau. Uzito wake ni mzuri, shaka ni ya malighafi. Hutengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, na kwenye chungu cha kuyeyushia hufika vipande vya injini, rejeta na vingine ambavyo hakuna aliyevipima. Watafiti waliopima sufuria za namna hii nchini Kameruni walikuta zinatoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi haionekani kwa macho wala haina ladha. Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Mimi nisingempikia mtoto uji wa ukwaju humo. Kama tayari unayo, ibaki ya kuchemshia maji ya kuoga.

Stenlesi ndiyo ninayokushauri uipe sehemu kubwa ya fedha: moja, ya lita tatu au nne, kwa mboga za nyanya, ukwaju, magadi, na kwa kulaza kiporo. Tafuta iliyogongwa 18/10 kitakoni, maana yake asilimia 18 kromiamu na asilimia 10 nikeli. Wengi watakuambia ujaribu kwa sumaku. Sumaku haimalizi ubishi, kwa sababu kuna stenlesi za daraja la chini ambazo nazo hazinasi, na kuna nzuri zenye kitako kinachonasa kwa makusudi. Cha kuangalia zaidi ni kitako: ukiigeuza uone sahani nene iliyoshikizwa chini, yenye alumini katikati. Stenlesi peke yake husambaza joto vibaya, na ile nyembamba ya kitako kimoja itakuunguzia kitunguu kwenye duara la moto wakati pembeni bado kibichi.

Kwenye stenlesi, chumvi itie maji yakishachemka. Ikitiwa kwenye maji ya baridi huzama na kukaa chini, na hapo huchimba vidoa vidogo visivyotoka tena. Kwa maji yetu ambayo tayari yana chumvi, usiiache sufuria ijikaushe yenyewe kwenye kichanja. Ifute kwa kitambaa. Madoa meupe na rangi za upinde wa mvua futa kwa kitambaa chenye siki. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiiguse kabisa. Ukikaangia, pasha sufuria tupu kwanza kwa moto wa wastani, dondosha tone la maji. Likitulia na kuchemka, bado. Likijikunja na kukimbia kama ushanga uliokatika uzi, tia mafuta, subiri kidogo, tia kitunguu. Hakitashika.

Fraipeni yako itupe. Kipande cha nonstiki kikimezwa hupita tumboni na kutoka, hicho kisikutie hofu, lakini iliyobanduka haifanyi tena kazi uliyoinunulia. Kilichoiua ni mkaa. Ule utando huanza kuharibika joto likivuka nyuzi 260, na makaa yaliyokolea huvuka hapo bila shida, hasa fraipeni ikiwa tupu ikingoja chapati ya kwanza. Moshi wake kwenye joto kali zaidi hauvutwi. Ukipenda, nunua ndogo ya mayai, ya kwenye gesi, mwali mdogo, kijiko cha mti. Ya chapati iwe chuma.

Chuma kizito cha chapati au karai la chuma ukilianzisha vizuri litawapikia wajukuu, na hapa mko kwenye nchi ya alizeti, mafuta yanayofaa kazi hii kuliko ya nazi au ya mawese. Umewahi kushika mdomo wa dumu la alizeti la zamani, ukakuta pamenata na kuwa kama varnishi ya njano? Mafuta hayo yakikutana na hewa hukauka na kuwa utando mgumu. Unachofanya kwenye chuma ni hichohicho, kwa moto badala ya miezi.

Osha chuma kipya kwa sabuni na hapa, kwa mara hii moja, ruksa stilwaya, ili utoe mafuta ya kiwandani. Kipashe moto hadi unyevu wote uishe. Tia nusu kijiko cha chai cha alizeti, kipake ndani na nje kwa kitambaa cha pamba. Kisha chukua kitambaa kingine kikavu na uyafute yote, kama vile uliyapaka kwa bahati mbaya. Chuma kionekane kama hakina mafuta. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaacha mafuta yanayong'aa, yanakusanyika matone, na wanaishia na chuma kinachonata kama ubani. Weka kwenye moto nje au dirisha likiwa wazi, subiri kitoe moshi, na uache hadi moshi upungue wenyewe, kama dakika kumi na tano hadi ishirini. Poza. Rudia mara nne. Kikinata, hukuharibu, hakijakauka tu: kirudishe motoni bila kuongeza mafuta. Baadaye kila ukiosha, kausha juu ya moto, paka tone moja, ning'iniza. Nyanya za kuchemka muda mrefu usipikie humo.

Birika la umeme: yale magamba ni chokaa, kalsiamu kabonati. Hayana sumu, ila ni blanketi juu ya chuma cha joto. Maji yanachelewa, umeme unaliwa, na birika huanza kujizima kabla maji hayajachemka kwa sababu chuma chake kimezidi moto. Tia siki sehemu moja na maji sehemu mbili hadi magamba yafunikwe, chemsha mara moja, chomoa kwenye umeme, acha nusu saa hadi saa. Utasikia linachirizika kama soda, hiyo ni hewa ya kabonidioksidi ikitoka. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Malimao mawili kwa nusu lita yanafanya kazi ileile. Kwa maji ya Mzakwe fanya kila baada ya wiki mbili, magamba yakiwa bado membamba. Ukiyaacha yawe kama ganda la yai itabidi urudie mara tatu, na mwenye haraka huchukua kisu na kutoboa birika.

Kama fedha itabaki, presha kuka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na kalsiamu ya maji hukaza ganda la maharage. Ndiyo maana maharage yaliyoiva Tanga kwa saa moja hapa yanakugomea na unashawishika kutia magadi. Loweka usiku kwenye maji yenye chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa lita, kisha suuza na upike kwa maji mengine. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, na utashangaa. Ndani ya presha kuka yasizidi nusu ya chombo pamoja na maji, kwa kuwa povu la maharage huziba tundu la mvuke. Kila kabla ya kupika inua mfuniko dhidi ya dirisha, uchungulie kwenye hilo tundu: uone mwanga upande wa pili. Usipouona, chokaa au ganda la harage limekaa humo. Toa kwa kijiti na maji ya siki, usiwashe jiko kwanza.

Miko haihitaji maneno mengi. Usiilaze ndani ya maji, na kiangazi cha hapa kinachoanza Mei hupasua mti mkavu, basi ipake mafuta kidogo mara moja kwa mwezi na uiweke mbali na jiko. Mwiko wenye ufa unaoshika ugali ndani uutie motoni.

Mpangilio wa kununua, basi: chungu kwanza, stenlesi ya pili, chuma cha chapati cha tatu. Sufuria nzito ya ugali ikiwezekana, presha kuka mwezi mwingine. Sufuria za kicheni pati zote zinabaki kazini.

Na mama mkwe. Asubuhi ya siku anayofika, chemsha ukwaju kwenye sufuria zote unazotaka azifunue, ukianza na kubwa na kuhamisha maji yaleyale ya ukwaju hadi kwenye ndogo. Lita tatu zinatosha sufuria mbili au tatu kabla hazijaisha uchachu. Zifute, zifunike, zipange. Ile ya maji ya kunywa iache na weusi wake, na uiweke mbali na macho. Maji ya chai ya jioni yachemshie kwenye birika, kwa sababu ukiyachemshia kwenye mojawapo ya hizo za alumini, akiamka kuanzisha uji wa asubuhi atakuta imeshaanza kufifia.